Baiskeli kuukuu za mizigo zisiuzwe kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenye baiskeli kuukuu za mizigo, zile nyeusi za magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma, ambazo wanunuzi wa vyuma chakavu hapa Mombasa huzipima kwa kilo kama mabati.

Kabla ya kuuza, ili ujue umri na asili ya baiskeli yako, futa grisi kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma: ikiwa ni ya Sturmey-Archer, kampuni ya gia za baiskeli, yenye gia 3, aghalabu utakuta tarakimu mbili zilizogongwa kwenye chuma, na 58, kwa mfano, ni mwaka 1958. Hata hivyo, huo ni umri wa habu tu, kwani magurudumu hubadilishwa, nao mafundi wetu hawaachi kitu kikatupwa. Kwa hiyo tazama pia gia kubwa ya kanyagio, ambayo katika baiskeli nyingi za Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, imekatwa kwa umbo la ndege korongo. Nembo ya mbele pekee haitoshi, maana huweza kubandikwa upya.

Rangi ya asili iliyochubuka, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko mpya inayong'aa, na anayeipaka upya ili kumvutia mteja huenda akaipunguzia bei.

Msomaji wako,
Kongowea, Mombasa.