Mlisaini nini? Barua kwa vijana wa chama chetu cha msingi

Wajukuu zangu wa huku Tandahimba,

Toka Jumamosi silali vizuri. Mkutano wa chama cha msingi, hiki chama chetu cha ushirika cha wakulima wa korosho, nilikuwepo, nimekaa mkekani nyuma na kina mama wenzangu, naona karatasi inapita mkono kwa mkono, mtu anasaini anampa mwenzie, na nyie wenye vyeti vya fomu foo ndo mlosaini harakaharaka kuliko wote. Ilipofika kwangu nikavaa miwani nikasoma, kumbe juu imeandikwa wajumbe wameridhia makato mapya ya shilingi 30 kwa kila kilo ya korosho! Nikauliza, naambiwa bibi usicheleweshe watu, chakula kinapoa. Na nyie mkacheka. Usiku sasa ndo kwenye grupu la WhatsApp, voisi noti juu ya voisi noti, tumeibiwa tumeibiwa. Mtamwambia nani na saini zenu zipo pale?

Mama yangu hakuingia darasani utotoni. Alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya 70, wakati ule Mwalimu Nyerere anahimiza kila mtu ajue kusoma, jioni katoka kuokota korosho kachoka anakaa chini ya mwembe na wenzie, chaki na ubao. Alipata herufi na hesabu basi. Lakini kila akipeleka gunia kupimwa anaandika kwenye daftari lake, tarehe, kilo, nani kapima. Msimu mmoja karani akataja kilo pungufu, mama hakupiga kelele, akafungua daftari mbele ya watu wote. Akalipwa zote. Mimi nilikuwa nimemshika khanga, mpaka leo nauona ule ukurasa.

Nyie barua rasmi mlifundishwa shule, mkaiandika kwenye mtihani mkaiacha hukohuko. Na sisi wakubwa tuna lawama, tena kubwa, maana kijana akiandika swali anaitwa mkorofi, anaambiwa katumwa, babake anaitwa ofisini. Hilo linanichoma kweli wanangu. Mnajifunza kunyamaza kutoka kwetu.

Muhtasari wa mkutano uombeni. Barua iwe na tarehe, na mbaki na kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma ina siku 30 kujibu ombi lenu, andikeni, msiishie kulalamika kwenye simu.

Minada ya korosho bado haijaanza, muda upo. Ijumaa baada ya swala ya alasiri njooni barazani kwangu tuandike kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, yule anayesimamia vyama vya ushirika. Maneno ninayo, ila mkono unatetemeka siku hizi, nataka mwenye mwandiko mzuri aje na kalamu mbili. Na kila atakayesaini ataisoma kwanza yote, kwa sauti, mbele yangu.

Bibi yenu