Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya: kabla vitongoji havijapakwa rangi moja

Mstahiki Meya,

Mimi ni fundi rangi. Nimeshika brashi na rola kwa miaka 22, kwa hiyo tangazo lililobandikwa wiki iliyopita kwenye nguzo za taa za vitongoji vyetu lilipaswa kunifurahisha. Linaagiza kila jengo linalotazama barabara lipakwe rangi moja, ya maziwa, ndani ya siku 30, na michoro yote “isiyo na kibali” ifutwe. Nikihesabu kuta ninazozijua mimi tu, hiyo ni kazi ya kunitosha hadi mwakani. Simu zimeshaanza kulia. Pamoja na hayo nakuomba uirudishe amri hiyo mezani. Kuta hizi mimi nazitazama kutoka umbali wa mkono, na sidhani kama aliyeandika tangazo aliwahi kushuka kwenye gari.

Nianze na ukuta mmoja. Karibu na kituo cha mwisho cha basi kuna jengo la ghorofa nne ambalo ubavu wake hauna hata dirisha moja. Miaka mingi iliyopita udongo ulititia kidogo upande wa mtaro, ubavu ukapata ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye msingi. Kijana mmoja anayeishi humo akaupaka ufa ule rangi ya kahawia, akaugeuza tawi, na pale hasa ulipoishia akachora ndege mdogo wa buluu. Mwaka uliofuata ufa ulikuwa umesogea shibiri moja. Akapanda tena, akaongeza ndege kwenye ncha mpya. Leo ndege wamefika 11.

Ukisimama chini unaona picha nzuri, basi. Ila mimi niliwahi kuitwa kushughulikia bomba lililokuwa likivuja upande ule, nikapanda jukwaa, nikakaa nao uso kwa uso. Ndege saba wa kwanza wameachana shibiri nzima nzima. Wa nane na wa tisa, nusu shibiri. Wawili wa mwisho karibu wagusane mabawa. Maana yake ufa umeanza kuchoka. Wahandisi hubandika kipande cha kioo juu ya ufa ili waone kama kitavunjika. Wenzetu hawa wamebandika ndege. Rola yangu inaweza kuufunika ukuta huo asubuhi moja, na halmashauri itakuwa imelipa fedha ili isijue tena jengo lina hali gani.

Ubavu mtupu kama ule, Mstahiki Meya, haukuachwa kwa kusahaulika. Katikati ya karne iliyopita, miji mingi ilipohitaji nyumba nyingi kwa haraka, majengo yaliunganishwa kwa vipande vya zege vilivyomiminwa kiwandani. Madirisha yalipangwa kwenye pande ndefu ili kila nyumba ipate mwanga na hewa. Pande fupi zilibaki ukuta mzima, kuanzia chini hadi paani. Ndiyo maana vitongoji duniani kote vina turubai kubwa kuliko katikati ya jiji. Huko Zaspa, kitongoji cha Gdańsk nchini Poland kilichojengwa juu ya kiwanja cha ndege cha zamani, mbavu hizo zilianza kuchorwa mwaka 1997, jiji lilipotimiza miaka 1,000. Sasa michoro inakaribia 60, na wanaowatembeza wageni kati yake ni wakazi wa majengo yenyewe.

Lyon, Ufaransa, walifika hapo kwa njia ninayoipenda zaidi. Kuna mtaa wa nyumba za wafanyakazi uliosanifiwa na Tony Garnier kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Miaka ya 1980 majengo yalikuwa yamechakaa na wapangaji wakataka yakarabatiwe, lakini walidai pia kwamba kazi ya msanifu wao ikumbukwe. Matokeo yake ni michoro 25 mikubwa kwenye mbavu za majengo, mingi ikionyesha michoro ya Garnier mwenyewe ya mji aliouota. Yaani ukuta unakueleza nani aliufikiria. Wazo hilo lilitoka kwa watu wanaolipa kodi ya nyumba pale.

Najua washauri wako watakwambia rangi moja inaleta nidhamu. Hoja hiyo ina zaidi ya miaka 100, na jibu lake lina umri uleule. Mwaka 1919 msanifu Bruno Taut alitoa mwito nchini Ujerumani wa kujenga kwa rangi badala ya kijivu, kwa sababu kodi ya mpangaji maskini haiwezi kulipia nakshi, lakini inaweza kulipia rangi. Alikuwa ameshalijaribu hilo kabla ya mwito wenyewe: nyumba za Falkenberg, pembezoni mwa Berlin, alizipaka buluu, nyekundu, manjano na kijani, hadi watu wakauita mtaa ule sanduku la rangi. Kisha akaajiriwa na jiji la Magdeburg, akawa mtumishi wa umma kama wewe, akapaka mitaa rangi kutoka ofisini kwake. Falkenberg pamoja na mtaa wake mwingine wa Britz, wenye jengo refu lililopinda kama kiatu cha farasi, viliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ni vitongoji hivyo, nyumba za watu wa kipato cha kawaida.

Sasa tuingie mtaa wa nyuma, kwenye nyumba ambazo hazina mchoro wowote. Hizi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hakuna atakayezililia. Tazama matofali ya matundu kwenye ngazi. Kila mjenzi alikuwa na umbo lake: jani, duara ndani ya mraba, nyota ya pembe nne, wimbi. Mimi nimehesabu maumbo tisa katika mitaa mitatu. Kazi yake ni kupitisha upepo na kuvunja jua, na saa tisa alasiri kivuli chake hutandaza zulia la nyota kwenye sakafu ya terazo. Kila koti la rangi linazijaza pembe zile kidogo. Nimeona matofali yaliyopakwa mara sita: nyota imekuwa doa, na tundu limebaki la kupitisha kidole. Fundi mwenye haraka ya siku 30 hatachukua brashi ndogo. Atapiga rola juu kwa juu, na mimi sitamlaumu, maana hata mimi ningefanya hivyo.

Halafu kuna suala la plasta. Nyumba za zamani za vitongoji hivi zimepigwa plasta ya chokaa. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa nje taratibu. Tangazo lako linataja rangi ya plastiki inayooshwa. Ukiipaka rangi hiyo juu ya chokaa umeufunga ukuta mdomo. Mvua ya kwanza hutaona kitu. Mvua ya pili rangi inavimba malengelenge usawa wa goti, ukilibonyeza moja kwa kidole linatoa maji ya chumvi, na likidondoka linaondoka na kipande cha plasta. Dawa ya ukuta wa namna hiyo ni chokaa kwa chokaa, au rangi ya madini inayoshikana na plasta yenyewe, ambayo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza tangu mwaka 1878. Si teknolojia ya kusubiri. Kwenye tangazo zima sikuona neno “plasta” hata mara moja.

Zipo kuta zinazokera, sikatai. Kuna geti moja nimelipaka mara tatu kwa mwaka kwa sababu ya mtu mmoja anayepuliza jina lake juu ya kazi yangu kabla haijakauka vizuri, na siku nikimkuta tutazungumza. Lakini tuliozoea kuta tunatofautisha. Ipo saini ya sekunde tano. Zipo herufi zilizovimba kama mapovu, za dakika kumi, usiku, roho mkononi. Ipo stensili, kiolezo cha kupulizia rangi, iliyokatwa nyumbani kwa wembe. Na upo mchoro wa wiki mbili juu ya jukwaa, wenye mistari ya vipimo bado inayoonekana chini ya rangi, na mwenye nyumba aliyekubali kwa mdomo bila karatasi. Tangazo linayaita yote hayo uchafu usio na kibali.

Jiji la Philadelphia, Marekani, lilianza hapohapo ulipo. Mwaka 1984 Meya Wilson Goode aliunda kikosi cha kupambana na grafiti, yaani maandishi na michoro ya kupuliza ukutani. Tofauti ni kwamba kikosi kilimwajiri mchoraji, Jane Golden, akaongee na vijana waliokuwa wakikimbizwa, na badala ya kuwapokonya mikebe ya rangi wakapewa kuta. Kikosi kile kikazaa programu ya michoro ya jiji ambayo hadi leo imetoa zaidi ya kazi 4,000. Hesabu iliyobadilika pale ni ya nani alikuwa kwenye meza, wala si ya nani alikamatwa.

Na kama hoja ya uzuri haikugusi, ipo ya mahakama. Queens, New York, kulikuwa na kiwanda cha zamani kilichojulikana kama 5Pointz, kimechorwa nje na ndani kwa ruhusa ya mwenye jengo. Novemba 2013 mwenye jengo, akijiandaa kubomoa, akaamuru kipakwe rangi nyeupe usiku, bila notisi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inawapa wachoraji siku 90 za kuokoa kazi inayoweza kuondolewa. Mwaka 2018 jaji alimwamuru mwenye jengo alipe fidia ya dola 150,000 kwa kila moja ya kazi 45, jumla dola milioni 6.75 kwa wachoraji 21, na mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo mwaka 2020. Jengo lilikuwa lake na kubomoa angebomoa. Kilichomponza ni ule usiku mmoja wa rola. Sheria zetu si zile, lakini siku 30 zako na usiku wake vinafanana kuliko ningependa.

Naomba pia nisieleweke kwamba nataka kila ukuta uchorwe. Hilo nalo ni balaa. Mchoro mkubwa hupendwa na wauza nyumba kuliko mtu yeyote: wanaupiga picha, wanauweka kwenye tangazo, kodi inapanda, na aliyekuwa akiishi nyuma ya mchoro anahama. Mchoraji wa Italia anayejiita Blu aliona hivyo. Mwaka 2014 michoro yake mikubwa ya Kreuzberg, Berlin, ilipakwa nyeusi kwa ridhaa yake, na mwaka 2016 alizifuta kwa rangi ya kijivu kazi zake zilizokuwa Bologna, wakati baadhi zilipong’olewa ukutani kwenda kuonyeshwa kwenye maonyesho. Naye alifuta, ndiyo. Lakini alijua anachokifuta, na aliamua mwenye kazi.

Wala mchoro hauzibui mtaro. Mtaro uliosababisha ufa wenye ndege bado umejaa mchanga hadi nusu yake. Kama fungu la rangi lipo tayari, theluthi yake ingeanzia pale, na nakuhakikishia hakuna mkazi atakayeuliza kwa nini ukuta haujawa rangi ya maziwa.

Ninachoomba si kikubwa. Zisimamishe siku 30. Tuma ofisa mmoja wa mipango miji, mwenye kamera na daftari, apite mtaa kwa mtaa na wakazi, aandike nini kipo: plasta gani, matofali gani, mchoro wa nani, mwenye nyumba anasemaje. Panapobidi kufutwa, wahusika wapewe notisi ya siku 90. Na zabuni ya rangi itenganishe ukuta wa zege na ukuta wa chokaa, hata kama mimi nitapata kazi ndogo kwa kufanya hivyo. Nyumba zinazohitaji kupakwa zipo nyingi, na wenye nyumba wengi wangechagua rangi wenyewe wakiulizwa.

Kila Jumamosi huwa natembeza watu wachache kwenye kuta hizi, bure, kwa mapenzi tu. Tunaanzia kituo cha mwisho cha basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa jua la saa hiyo huupiga ubavu ule kwa pembeni na kila kiraka kinajitokeza. Tafadhali njoo, bila msafara, maana mtaa wa nyuma haupitishi magari mawili. Vaa viatu vya kukanyagia matope. Ngazi yangu ya kazi nitakuja nayo, na nitaishika mwenyewe ukitaka kupanda kumwona ndege wa 11.

Wako,
Fundi rangi