Uza kwanza, lakini usikubali kuhama siku hiyo hiyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Arusha na Moshi wanaotaka kubadili makazi: mwenye familia anayetoka Sombetini kwenda Usa River kutafuta uwanja, au mstaafu wa Shanty Town anayetaka nyumba ndogo isiyo na ngazi. Wote huuliza kama wauze kwanza au wanunue kwanza. Ikiwa fedha ya nyumba mpya itatokana na nyumba ya zamani, uza kwanza. Anayenunua kwanza hulipa kianzio, akaahidi kumaliza deni ndani ya miezi miwili au mitatu, kisha akaanza kuhangaika na nyumba yake. Madalali wakishajua ana tarehe shingoni, kila mteja wanayemleta anakuja na bei pungufu. Hapo achague: apoteze kianzio au auze kwa hasara. Na akiziba pengo kwa mkopo wa benki, riba inatembea kila mwezi hata kama hajapata mteja, na hati ikiwa imeshikiliwa na benki, mnunuzi makini anasita.

Kuuza kwanza nako kuna hatari zake. Mwenye nyumba ya kupanga anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, vyombo vinahamishwa mara mbili, na fedha iliyolala akaunti huliwa na ada, matibabu na misiba huku bei za viwanja zikipanda. Ndiyo maana nasisitiza mkataba. Mkubaliane na mnunuzi kwamba makabidhiano yatafanyika, kwa mfano, siku 90 baada ya malipo. Yeye ataogopa kwamba utang'ang'ania nyumba, kwa hiyo sehemu ya bei, tuseme asilimia kumi, ibaki kwenye akaunti ya wateja ya wakili hadi utoe funguo. Yaandikwe pia malipo ya kila siku utakayochelewa, na nani analipa maji na umeme kwa muda huo. Mnunuzi wa kweli hukubali masharti haya. Anayeyakataa bila kutoa sababu, mwache aende.

Karatasi zitangulie dalali. Omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi uone kama hati haina rehani wala zuio, lipa madeni ya pango la ardhi, hakikisha jina kwenye hati ni la muuzaji mwenyewe. Kama ni la marehemu, mirathi iishe kwanza, na hilo peke yake linaweza kula miezi mingi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na mauzo mengi yamekwamia mahakamani kwa sababu mke hakuulizwa.

Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, nacho kina taratibu zake. Usihesabu fedha ya kihamba kuwa yako mpaka ndugu wakae, suala la makaburi limalizwe, na muhtasari usainiwe. Desemba, watu wakiwa nyumbani, ndiyo nafasi ya kikao hicho. Mnunuzi aje baadaye.

Kisha kodi, ambayo wengi huisahau wanapopiga hesabu ya nyumba mpya. Mkazi wa nchini hulipa asilimia 10 ya faida, na uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho kwamba imelipwa. Ukiuza kwa milioni 120 nyumba iliyokugharimu milioni 100, faida ni milioni 20 na kodi milioni 2. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya thamani, yaani milioni 3.6, hivyo tunza risiti za saruji, mabati na fundi. Nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi ina msamaha, mradi faida isizidi milioni 15. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii kitu, maana inaangaliwa thamani ya mthamini. Na utakaponunua, tenga asilimia 1 ya ushuru wa stempu.

Nyumba unayoitamani itazame wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, uone maji yanakopita na kama gari linafika. Uliza chanzo cha maji. Visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto na, kwa muda mrefu, mifupa. Sampuli ipelekwe maabara kabla hujatoa kianzio. Na kianzio chenyewe kisitoke mfukoni mwako mpaka fedha ya mnunuzi wako imeingia na benki imethibitisha, kwa sababu hundi inaweza kurudi na ahadi ya simu haimfungi mtu.

Msomaji wako,
Moshi