Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka wa Jamhuri, Lubumbashi: naomba kile kisu kifutwe

Mheshimiwa,

Kuna kisu ndani ya PV, ile hati ya maelezo ya shahidi, yenye sahihi yangu. Naomba kifutwe, kwa sababu hakikuwepo.

Mimi ni mwalimu wa saikolojia, section pédagogique, mkondo wa kuandaa walimu, na kwa kuwa mshahara wa mwalimu unajulikana, mchana nauza unga kwa meka, kipimo chetu cha sokoni, pembeni ya soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi. Hapo ndipo vijana wawili walipopigana mbele yangu mwaka jana. Mmoja alianguka, kichwa kikapasuka. Wa pili, shege, yaani mtoto wa mtaani, anayelala sokoni, alikuwa ameshika kitu.

Kwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, nilisema kwa Kiswahili: "Alikuwa na chuma." Yeye akaandika kwa Kifaransa, kama kawaida: arme blanche, yaani silaha yenye makali. Kisha akauliza, "Hicho kisu alikishika mkono gani?" Nikajibu wa kuume. Sikuona hata kwamba kuna cha kupinga. Nilipoitwa tena baada ya miezi mitatu, kisu nilikuwa nakiona waziwazi: mpini mweusi, makali yanang'aa juani. Ningekiapia kwa kaburi la mama yangu.

Halafu muuza makala (mkaa) jirani yangu akanionyesha video iliyokuwa kwenye simu ya mwanawe. Kijana ameshika pampu ya baiskeli. Alikuwa akimsaidia kwado, yule fundi wa kuziba matairi ng'ambo ya barabara, na mimi kila asubuhi nilimwona na pampu hiyohiyo!

Kinachoniumiza ni kwamba hili ndilo somo ninalofundisha. Kila mwaka naandika ubaoni jina la Frederic Bartlett, Mwingereza aliyechapisha majaribio yake mwaka 1932. Aliwapa Waingereza wenzake hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome, kisha waisimulie upya. Mtumbwi ukageuka boti, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, mizimu ikatoweka. Hawakuwa waongo. Kila mtu anabeba kichwani picha ya jinsi mambo yanavyokwenda siku zote, skima, na kumbukumbu ikiwa na tundu, skima ndiyo inayoziba. Wanafunzi wangu huwacheka Waingereza wale, nami hucheka nao. Kumbe neno "shege" lilikuwa limekwisha kunipa kisu kabla OPJ hajashika kalamu.

Kwa hiyo simtupii yeye mzigo wote. Ila swali lake nalo lilifanya kazi. Mwaka 1974, huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali. Wanafunzi 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana", wengine 50 "yalipogongana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kundi la kwanza 16 wakasema ndiyo, la pili 7. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja.

Mheshimiwa, kijana bado yuko ndani. Video haionyeshi ugomvi ulivyoanza, hivyo sisemi kwamba hana kosa. Nasema hakuwa na kisu. Naomba nisikilizwe upya.

Na kwa watakaokuja baada yangu, naomba shahidi aachwe aseme yote kwanza, bila kukatizwa. Neno zito kama lile "chuma" liandikwe kwa Kiswahili jinsi lilivyotamkwa, Kifaransa kifuate pembeni. Kisu kisitajwe na anayeuliza kabla ya anayejibu. Hayo hayahitaji bajeti. Ni mistari miwili zaidi kwenye karatasi.

Jumatatu asubuhi nitakuja ofisini kwako na kadi yangu ya uchaguzi na ile video. Tafadhali itazame mpaka mwisho. Pampu yenyewe iko mkono wa kushoto.

Kwa heshima,
Mwalimu na muuza unga, Kenya