Risala ya kikundi chetu cha wakazi wa Temeke kwa Mheshimiwa Mbunge, mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, wazee wetu, majirani na wanakikundi wote, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za mchana.

Kwanza tunakushukuru sana kwa kukubali kuja, tunajua ratiba yako imebana na foleni ya Barabara ya Mandela tunaijua wote. Karibu sana, pilau lipo na tutakula pamoja.

Mheshimiwa, kikundi kilianza kama cha kuzikana na kuwekeana akiba, baadae akina mama wakasema mbona hela zetu tunazihesabu kwa umakini hivi na hela za serikali hatujui nani anazihesabu, ndo tukaanza kusoma ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Historia ndo hiyo, mengine yapo kwenye katiba ya kikundi.

Mafanikio ni makubwa mno. Tuna viti vyetu vya plastiki, tuna turubai hili ulilokaa chini yake, na kila mwaka ripoti ikishawasilishwa bungeni tunapiga kopi kurasa zinazogusa halmashauri tunazisoma kwa sauti hapa hapa. Kuna mama yetu mmoja muuza vitumbua anakuelezea tofauti ya hati safi (hesabu ziko sawa) na hati yenye shaka (hesabu zina kasoro) huku anageuza vitumbua vyake na wateja wanasikiliza. Tunathubutu kusema Dar nzima hakuna kikundi kilichofika kiwango hiki.

Changamoto za ofisi, mtaji, na hii spika inayokoroma kama unavyoisikia, tumeziandika kwenye nakala tutakayokukabidhi. Leo tunaomba tukae kwenye jambo moja tu, namna wanavyopatikana watu wanaopewa kazi ya kuikagua na kuichunguza serikali kwa niaba yetu.

Kwa sasa sisi tunajuaje? Inatoka taarifa kwa vyombo vya habari, inazunguka kwenye magrupu, fulani kateuliwa, basi. Nani wengine walifikiriwa, alipimwa kwa vigezo gani, ana ukaribu gani na anaokwenda kuwakagua, hatuambiwi. Hatumshutumu mtu yeyote mheshimiwa, anaweza akawa mchapakazi kabisa, ila anaingia ofisini watu wameshaanza kunong'ona, akiisifia taasisi wanasema kapangwa, akiikosoa wanasema katumwa. Uteuzi wa kimya kimya unamchafua hata aliye safi.

Tunajua Rais ndiye anayemteua CAG na hatuko hapa kumpokonya Rais mamlaka yake. Tunachouliza ni hatua za kabla ya uteuzi. Mbona Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina Kamati ya Uteuzi ambayo imo ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 129, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni Jaji Mkuu? Mbona sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 imeleta kamati ya kuwasaili wanaotaka kuwa wajumbe wa Tume hiyo? Kwa hiyo jambo hili linawezekana na nchi yetu imeshalianza, shida limeishia njiani. Hata hiyo ibara ya 129 haisemi popote kwamba majina yanayojadiliwa yatangazwe. Na Tume hiyo hiyo ya Haki za Binadamu kabla ya uteuzi wa 2019 iliwahi kukaa muda haina makamishna, sasa mwananchi aliyeonewa wakati ule angeenda kulia kwa nani?

Wenzetu Kenya Rais anapendekeza jina la mkaguzi mkuu, Bunge linamhoji na kumpitisha ndo anateuliwa, na akiingia anakaa miaka 8 tu hana kipindi cha pili, kwa hiyo hana wa kumbembeleza. Sisi tunashindwa nini?

Huku chini ni hivyo hivyo mheshimiwa. Ofisi moja hatutaitaja ilibandika tangazo la nafasi za kamati ya usimamizi Ijumaa jioni wakati wa kufunga, mwisho wa maombi Jumatatu asubuhi, karatasi yenyewe nusu imefunikwa na tangazo la chanjo. Vijana wetu wenye vyeti wamelikuta Jumatatu mchana, wakaambiwa kamati imeshapatikana.

Sasa mheshimiwa kwa heshima zote tunaomba tuseme ukweli. Ombi hili siyo geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia tulimsomea hapa hapa, akasimama akasema amelichukua na tutaona mabadiliko, tukapiga makofi na vigelegele, tukampa zawadi ya kitenge. Tumeandika barua kukumbushia, tumepiga simu, msaidizi anasema lipo kwenye utekelezaji. Aliyemtangulia yeye naye alilichukua. Tunaomba wewe usilichukue, tunaomba utuambie leo utalipeleka wapi na lini.

Tumekurahisishia. Anza na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, maana sheria yake ni ya Bunge, ya 2007, haihitaji kugusa Katiba. Peleka muswada binafsi kwamba kabla Mkurugenzi Mkuu hajateuliwa nafasi itangazwe kwa muda wa kutosha, majina ya waliochujwa na wasifu wao yawekwe wazi, usaili ufanyike watu wakiona kwenye TV, na mwananchi mwenye pingamizi la ushahidi apewe siku za kulipeleka. Rais atateua kutoka kwa waliopita hapo. Ukishapita huo, CAG na wengine watafuata. Wanasheria wawili wa kikundi wako tayari kukusaidia kuandika bure kabisa, wamekaa mstari wa pili hapo, watanyoosha mikono.

Na kwa hizi kamati za huku chini, mwambie mkurugenzi wa halmashauri matangazo yakae wiki mbili, yasomwe kwenye mikutano ya mtaa na yasambazwe kwenye magrupu ya mitaa. Hilo halihitaji Bunge, ni simu moja tu mheshimiwa, na hata sasa hivi kabla ya pilau inawezekana.

Tutaomba jibu la maandishi kabla ya kikao kijacho cha Bunge, anuani na namba ya katibu zipo mwisho wa nakala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi