Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Watu Tumeongezeka, Kiwanja Ni Kilekile

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za mwaka. Mambo ya hela ataisoma mhazini taarifa yake siku ya mkutano mkuu kwahiyo mimi siyagusi, naongelea kazi tuliyofanya na hasa hili jambo ambalo kwangu limekuwa zito kuliko yote mwaka huu, yaani maji, vyoo na jinsi tunavyozidi kubanana huku Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120, wakati 2012 tulikuwa 44,928,923. Hiyo ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa mwendo huo nchi inakuwa na watu mara mbili ndani ya miaka kama 22 hivi, yaani mtoto anayezaliwa leo anamaliza chuo anakuta tumeshajidabo. Dar peke yake tulihesabiwa 5,383,728. Ila mimi kinachonishtua zaidi ni mkoa wa Pwani, walikuwa milioni 1.1 mwaka 2012 wakapita milioni 2 mwaka 2022, na tunawajua, wamo ndugu zetu kabisa waliotoka hapa wakaenda kutafuta viwanja Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo. Mji wameuhama lakini wengi bado tunategemea nao mto mmoja, Ruvu, maji yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Chini uwezo wake lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196, sasa chukua hizo gawanya kwa watu wa Dar tu, haifiki lita 90 kwa kichwa, na hapo hujatoa viwanda, hujatoa hoteli, hujatoa yanayovuja njiani wala hao wa Pwani. Ndo maana Oktoba 2022 mto ulipopungua tukaingia kwenye mgao, watu wakawa wanazunguka na madumu mpaka usiku.

Baada ya pale kila mtu akataka kisima chake, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Wataalamu wa afya wanashauri kisima kikae mita 30 kutoka kwenye choo cha shimo. Viwanja vyetu vingi ni mita 20 kwa 20. Chukua futi kamba upime kona mpaka kona, mshazari, unapata mita 28 na kidogo. Yaani hata ukichimba kisima kwenye kona hii na choo ukakipeleka kona ile ya mbali kabisa bado hujafika mita 30, na hapo hatujamhesabu jirani ambaye choo chake kimeegemea ukuta wako kwa nyuma. Na siku hizi hiyo 20 kwa 20 yenyewe inakatwa, mzee akifariki watoto wanagawana, mmoja anauza kipande, anayenunua anajenga vyumba vya kupangisha, anachimba shimo jipya. Kuna nyumba tulienda na kamati tukakuta kisima kina mfuniko wa bati limetoboka, hatua chache pembeni choo, juu yake kamba ya nguo, na mama wa watu anachota anapikia, ukimuuliza anakwambia maji ni meupe hayana shida. Weupe wa maji hauonyeshi kama yana vijidudu jamani! Mvua zikianza wengine wanatapisha vyoo usiku yanatiririka yote mtaani yanaingia humo humo. Kipindupindu kikitokea tunalaumu embe.

Najua kwenye kikao cha katikati ya mwaka wapo walionuna tulipomkaribisha nesi aongee uzazi wa mpango, wakasema tunaingilia vyumba vya watu. Mimi nasimamia palepale, elimu ile ni haki ya kila mama na kila baba, na utafiti wa afya wa 2022 umeonyesha wastani bado ni watoto 4.8 kwa mwanamke, kwahiyo mazungumzo hayajaisha. Lakini pia sikubali mtu amnyooshee kidole mwenye watoto wengi halafu yeye anamwagilia nyasi kwa mpira kila jioni na kuosha gari kwa maji ya bomba, huyo mmoja anaweza kumaliza maji ya nyumba nzima ya wapangaji. Idadi ni hesabu moja, matumizi ni nyingine, na tunatakiwa tuzipige zote mbili.

Kilichonipa moyo ni upatu wa matenki. Wale kinamama walioanza waligoma kupeana hela mkononi, anayepokea ananunuliwa tenki na gata za kuvunia mvua, basi. Hesabu yake ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dar tunapata kama milimita 1,000 kwa mwaka, nyumba ya bati mita za mraba 60 hata ukipoteza kidogo inakupa lita 48,000, ndoo 2,400 za lita ishirini, ambazo sasa hivi zinaondoka na mtaro zinaenda kuwajaza maji watu wa bonde la Msimbazi. Haitoshi mwaka mzima, ila kufua na kudekia umemaliza.

Mkaa tumeenda nao taratibu. Serikali imeweka lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, sisi tumejaribu majiko banifu na mitungi ya gesi, ila tatizo mkaa unanunua wa siku moja kwa kopo na gesi unajaza kwa mkupuo, asiye na mshahara anashindwa. Mwakani nataka tuuweke mtungi nao kwenye upatu. Usafi wa Jumamosi unaendelea vizuri, vijana asanteni sana.

Pendekezo la kamati kwa mkutano mkuu ni kisima kirefu kimoja cha pamoja, maji yapimwe maabara kabla hatujanywa, na tukodi gari la kunyonya vyoo kwa kuchanga nyumba kadhaa kwa mkupuo ili bei ishuke na kutapisha kuishe. Kila mwenye kiwanja aje amechora kwenye karatasi choo chake kiko upande gani na kisima kama anacho, maana bila hiyo michoro fundi hawezi kutuambia pa kuchimba.