Neema, kile kikapu

Mafinga, Jumapili usiku

Mwanangu Neema,

Kamwene, mama. Huku baridi ya mwezi wa sita imeshaingia. Ukungu unalala juu ya magogo hadi saa nne asubuhi na gundi haikauki. Naandikia hapa karakana, kwa penseli ya kuchorea mbao, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Barua utaipata kwa konda wa Coaster ya asubuhi, pamoja na mzigo mdogo nitakaokueleza.

Tuanze na Ijumaa ile nilipokuja shuleni kwenu kukagua madaftari. Najua ulikasirika. Nilikishika kikapu chako, nikakigeuza, nikacheka mbele ya wenzako kwa sababu kilikuwa kimelalia upande mmoja kama mzee anayesikiliza redio. Ulininyang'anya ukakirudisha kwenye kabati. Mwalimu wako wa Sanaa na Michezo hakucheka. Alisubiri ukatoka, akaniambia, "Baba Neema, hebu hesabu milulu iliyosimama."

Nikahesabu zile nyasi za kusukia zilizosimama. Ishirini na nne. Akanieleza kwamba mwanzo ulikuwa umesimamisha ishirini na sita. Ua lako la zambarau linajirudia kila baada ya milulu minne, basi ulipozunguka ukafika ulipoanzia, ua halikukutana, milulu miwili ikabaki haina kazi. Wenzako waliofikwa na hilo waliuficha mshono kwa ndani. Wewe ulikaa ukaandika pembeni ya daftari: 26 gawanya kwa 4 ni 6, baki 2. Ukafumua chote hadi kwenye kitako, ukapunguza miwili, ukaanza upya. Kikapu kimepinda kwa sababu milulu ilikuwa imekauka na wewe ulikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya kengele. Mwambie bibi akuonyeshe anavyoilowanisha isikatike. Yeye amesuka vikapu tangu hajaolewa, na hapo Iringa ukitafuta mwalimu wa milulu bora kuliko mama wa Kihehe utazunguka bure.

Sasa, mwezi wa nne nilikwambia kwenye simu, na mama yako alikuwa anasikia: "Hiyo Sanaa na Michezo ni kipindi cha kupumzika, wewe shika Hisabati." Neno hilo nalirudisha. Mimi mwenyewe nakata fremu kila siku na bado kuna vijana hapa karakana wanaokosea baki mbili, wanaziba kwa vumbi la mbao na gundi, wanapaka rangi juu.

Lakini nielewe nilikotoka. Enzi zetu kazi za mikono maana yake ilikuwa ndoo kichwani, kwenda kumchotea mwalimu maji, na ukirudi imepungua unachapwa. Au jembe kwenye shamba la shule, mahindi ambayo hatukuwahi kuyaona yakipikwa. Nyundo nimefundishwa na baba yako mkubwa baada ya kumaliza la saba, kwa kujigonga vidole. Kwa hiyo nikisikia somo lenye neno "sanaa" akili yangu inakwenda kwenye ile ndoo. Si kosa lako.

Na mambo yenyewe yamebadilika mno, mzazi anachanganyikiwa. Nilipoweka madaftari yako na ya kaka yako Amani mezani nilidhani mnasoma nchi mbili. Yeye ana Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Stadi za Kazi. Wewe una Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Mwalimu mkuu akanifafanulia: nyinyi mlioingia la tatu mwaka 2024 mlianza na mtaala mpya, na msingi kwenu unaishia la sita. Amani alikuwa keshaingia la nne, akabaki na wa zamani mpaka la saba. Maana yake mwaka 2027 mnamaliza wote wawili kwa mpigo, na 2028 natafuta sare mbili za sekondari. Nimeanza kuweka akiba. Mwambie Amani viatu vya mpira vingojee.

Nilipenda pia kwamba kila somo lina mwalimu wake. Yule wa Kiingereza sikumwelewa neno hata moja, ila nyinyi mlikuwa mnacheka, basi nikacheka na mimi. Kipindi cha michezo nilikitazama nikiwa nje, chini ya mti. Netiboli wachezaji ni saba kila upande, hilo nalijua, lakini sikujua kwamba kila mmoja ana eneo lake asilotakiwa kulivuka. Wewe ulivuka mara tatu. Nilihesabu.

Daftari la Historia nililisoma lote. Umeeleza vizuri Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jinsi Wahehe walivyowavizia Wajerumani njiani. Bibi yake bibi yako alikuwa akisimulia hiyo habari kama jambo la juzi, ndivyo nilivyoambiwa. Lakini umeandika fuvu la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, lilirudishwa Kalenga mwaka 1945. Ni 1954, mama. Umegeuza tarakimu. Mwalimu ameweka alama ya vyema, kumbe hakuona. Usimseme, madaftari ya darasa zima ni mengi na macho ni mawili. Sahihisha tu. Mkienda Kalenga kwenye makumbusho utaliona lenyewe kwenye kioo, uniambie kama uliogopa.

Ramani yako ya shule ndiyo niliyoiangalia zaidi. Kipimio umeweka sentimita 1 kwa mita 10. Nilitoka nje nikapima kwa hatua, kutoka ofisini hadi vyooni. Hatua yangu ni kama sentimita 80, nimeizoea. Nikapata hatua 65, ambazo ni mita 52. Kwenye karatasi yako ilikuwa sentimita 5 na kidogo. Nilisimama pale na futi kamba mfukoni, wazazi wengine wananiangalia, nikajiona mjinga na nikafurahi.

Mzigo wenyewe: ndani ya mfuko utakuta kibao cha paina cha mviringo, nimekipiga msasa mpaka kimelainika. Upana sentimita 20. Anzia kitako cha kikapu kijacho juu yake, kitakaa sawa, halafu ukichomoe. Usimpe Amani, atakigeuza goli.

Kuna kazi pia. Dirisha la jikoni mama yako analilalamikia tangu masika, na mimi kushuka Iringa kupima ni nauli na siku nzima. Chukua futi kamba iliyo kwenye droo ya kabati, pima upana na urefu, juu na chini vyote, maana ukuta ule haujanyooka. Chora kwa kipimio cha sentimita 1 kwa sentimita 10. Konda anapita tena Jumatano, mpe karatasi.

Nitakata kama ulivyoandika, sitapima tena. Ukikosea, masika yajayo mvua itaingia kwenye unga.

Baba yako